Asilimia 93 na nyayo kwenye theluji

Najua nimekuwa kimya, na wengine wenu bado mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naandika juu ya wanyama wa msituni, lakini usifunge ukurasa: kuna programu ndani yake, kuna data, na kuna kosa langu ambalo nimelizunguka muda mrefu bila kuliandika.

Kisa chenyewe ni cha Januari 2023. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, anaishi kaskazini mwa jimbo la Minnesota huko Marekani. Unatoka mji wa Duluth, unafuata ufuo wa ziwa Superior, kisha unakata kushoto na kuingia msituni mpaka simu inapoteza mtandao. Nilienda kumtembelea kwa wiki 5, huku nikiendelea na kazi zangu za kuandika programu kutoka huko huko. Nilichagua msimu wa ajabu, kwa sababu majira yale ya baridi Duluth ilivunja rekodi yake ya theluji, zaidi ya inchi 140, yaani kama mita 3 na nusu. Mimi ni mtu wa Bungoma. Theluji niliyokuwa nimeiona kabla ya hapo ni ile ya kileleni Mlima Kenya, kwa mbali, nikiwa ndani ya matatu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 10. Amezaliwa huko huko, lakini dada amekataa katakata apoteze Kiswahili, basi anakizungumza na ngeli zake mwenyewe. Alikuwa na kuku 6. Alikuwa amewanunua kwa pesa zake, akawapa majina, na alikuwa akiwauzia walimu wake mayai. Banda lao lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao, limewekwa taa ya kuwapa joto. Siku ya nne tangu nifike, alirudi ndani asubuhi ameshika ndoo ya maji tupu, uso umembadilika.

"Mjomba, mbili imekufa."

Tukaenda kuangalia. Mlango ulikuwa umefungwa vile vile alivyouacha. Kuku wawili wamelala, shingo zina damu nyuma ya kichwa, na hawakuwa wameliwa. Hilo ndilo lililonishangaza. Nyumbani nyanya akipoteza kuku tulikuwa tunasema ni kicheche, mjadala umekwisha, hakuna aliyejali ni mnyama gani haswa. Mara nyingi pengine alikuwa nguchiro, ambaye kwa kweli si wa ukoo wa kicheche kabisa. Nguchiro yuko karibu zaidi na fisi na paka. Kicheche wetu wa kweli, yule mweusi mwenye mistari meupe na harufu ya kukufukuza kijijini, ni ndugu wa nyegere na fisimaji. Ukoo huo mmoja umesambaa kuanzia Afrika Kusini mpaka kule kwenye barafu, na mtu mmoja wa ukoo huo ndiye aliyeingia banda la mpwa wangu.

Jirani wa dada ni mzee wa miaka sabini na kitu, babu zake walitoka Finland kama watu wengi wa sehemu hizo, na ametega wanyama wa manyoya tangu utotoni. Alikuja, akachuchumaa, akageuza kuku mmoja, akasema ni jamii ya kicheche. Lakini ni yupi? Kwenye msitu ule wapo kadhaa. Kuna ermini, mdogo kama ndizi, ambaye majira ya baridi hubadilika kuwa mweupe pee na kubaki na ncha nyeusi ya mkia. Kuna minki, wa rangi ya kahawa iliyokolea, mpenda maji. Kuna marteni, mpanda miti. Na kuna fisha. Wazungu walimwita kwa jina linalosikika kama "mvuvi" ingawa si mvuvi, jina lilitokana na neno la zamani la ngozi ya kicheche wa Ulaya. Masikio yangu yalisikia "kufisha", na baada ya kuelezwa anavyomuua nungunungu kwa kumng'ata usoni tena na tena, nikaona Kiswahili kimempatia jina sahihi zaidi.

Mzee akasema anaweza kuweka mtego, lakini kwanza anataka kujua. Msimu wa kutega marteni na fisha ulikuwa umeshafungwa. Minki alikuwa bado anaruhusiwa. Hakutaka kukamata asiyekuwa na hatia.

Hapo ndipo nikafungua mdomo. "Nipe siku mbili," nikamwambia. "Nitakujulisha ni nani."

Sasa kwa wale wanaonifuata tangu zamani, mnakumbuka nilivyokuwa nikijifunza mitandao ya neva mwaka 2021 kwa kutumia picha za mradi wa Snapshot Serengeti. Mradi ule ulianzishwa na watafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota (dunia ndogo!), wakafunga kamera 225 Serengeti, na watu wa kujitolea duniani kote wakawa wanataja wanyama wanaowaona kwenye picha kupitia intaneti. Mwaka 2018 watafiti wengine walizitumia picha zile, zaidi ya milioni 3, kufundisha mashine kutambua wanyama wa aina 48. Mimi nilichukua sehemu ndogo tu, nikajenga modeli yangu ya nyumbani. Ilikuwa inajua nyumbu, pundamilia, fisi, hata kicheche na nyegere. Nilikuwa nayo kwenye kipakatalishi.

Tukanunua kamera ya kujiwasha yenyewe mnyama akipita, ile yenye mwanga wa infraredi. Mimi na mpwa tukaifunga kwenye mti, ikitazama banda. Usiku wa kwanza ikapiga picha 14. Kumi na tatu zilikuwa za theluji ikidondoka kutoka kwenye matawi. Ya kumi na nne ilikuwa na mnyama: mrefu, miguu mifupi, mgongo umepinda, amegeuza kichwa nusu.

Nikaipitisha kwenye modeli. Jibu: nyegere, asilimia 71.

Tulicheka mpaka dada akaamka, na alikuwa ametoka zamu ya usiku, kwa hiyo tulijuta :-) Lakini ukifikiria vizuri, jibu lile halikuwa la kijinga. Mashine ambayo haijawahi kuona Amerika ilikuwa imechagua mtu wa ukoo ule ule. Basi nikashika kazi. Kuna hazina ya wazi inayoitwa LILA yenye picha za kamera za msituni za sehemu nyingi duniani, zikiwa zimeandikwa majina ya wanyama. Nikapakua picha za Amerika Kaskazini kwa intaneti ya dada inayotambaa kama kobe, nikaifundisha modeli upya usiku kucha. Alfajiri nikairudishia ile picha.

Minki, asilimia 93.

Nakumbuka nilivyojisikia. Nilikunywa chai nimesimama. Nikamwambia mpwa, mpwa akavaa mabuti akakimbia kwa mzee, na kabla ya saa nne asubuhi mzee alikuwa ameshafika. Aliangalia chini kwanza. Theluji mpya ilikuwa imeanguka alfajiri na kufunika kila kitu, hapakuwa na unyayo hata mmoja. Akaniuliza kama nina hakika.

"Asilimia 93," nikasema.

Sikumwonyesha picha. Nataka nirudie hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Picha ilikuwa mezani, hatua 20 kutoka pale tulipokuwa tumesimama, na mimi nikampa jibu tu. Alitikisa kichwa, akaenda kwenye gari, akaleta sanduku la mbao lenye mtego wa chuma ndani yake, wa kubana. Akauweka kando ya ua.

Asubuhi iliyofuata mambo mawili yalikuwa yametokea. Kuku wa tatu alikuwa amekufa ndani ya banda, kwa jeraha lile lile la nyuma ya kichwa. Na ndani ya sanduku palikuwa na mnyama. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko nilivyotarajia, manyoya ya rangi ya asali iliyoungua, masikio makubwa ya mviringo kama ya mtoto wa paka, na kooni ana kiraka cha rangi ya embe bivu. Nilivua glavu nikamgusa. Sijawahi kugusa kitu laini namna ile.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Marteni."

Alimpigia simu afisa wa wanyamapori yeye mwenyewe, kutoka jikoni kwa dada. Ndivyo inavyotakiwa ukimkamata kwa bahati mbaya mnyama aliye nje ya msimu. Afisa alikuja mchana, akawa mtu wa heshima, akaandika maelezo. Akauliza imekuwaje. Mzee akasema: nilidhani ni minki, nimekosea. Hakusema "kijana huyu aliniambia". Hakusema habari ya mashine. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka pale, nimeshika kikombe, na sikufungua mdomo. Afisa akamchukua marteni ndani ya mfuko, akaondoka.

Mpwa wangu aliniangalia. Kwa watoto wa huko mtu mzima si mtu wa kuogopwa sana, angeweza kuniuliza pale pale, lakini mama yake amemlea kikwetu. Akainamisha macho, akaenda kuwapa maji kuku waliobaki.

Jioni dada akaniambia jikoni, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Wewe ndugu yangu, yule mzee ndiye anayetulimia theluji barabarani kila nikitoka zamu. Hajawahi kuchukua hata senti." Hakuongeza neno.

Nikavaa nikaenda kwa mzee na kipakatalishi changu mkononi. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, pua inaganda ndani. Nikamwambia yote: Serengeti, nyegere, LILA, asilimia 93, na kwamba nilinyamaza mbele ya afisa. Nikafungua picha. Aliitazama labda sekunde mbili, akaweka kidole juu ya skrini.

"Masikio," akasema.

Minki ana masikio madogo yaliyolala kichwani, karibu huyaoni. Huyu kwenye picha yalikuwa yamesimama waziwazi. Mtu yeyote aliyeambiwa atazame masikio angejua.

Wacha nieleze upande wa mashine, maana wengine wenu mtaniuliza. Kwanza, picha ya infraredi haina rangi. Kiraka cha kooni, ambacho ndicho kitambulisho cha marteni, kilikuwa kijivu juu ya kijivu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimegeuka. Pili, picha haina kipimo. Ermini aliye karibu na kamera na fisha aliye mbali wanaweza kujaza nafasi ile ile. Tatu, picha nyingi za minki nilizompa mwanafunzi wangu zilikuwa za usiku, na zile chache za marteni zilikuwa nyingi za mchana, kiangazi, kwenye majani. Modeli ilijifunza mandhari pamoja na mnyama. Hili linajulikana: Sara Beery na wenzake walichapisha mwaka 2018 jinsi mashine za namna hii zinavyofanya vizuri mahali zilipofundishiwa na kuanguka zikipelekwa kwenye kamera mpya. Nilikuwa nimeisoma makala hiyo! Nimewahi hata kuitaja kwenye kikao fulani Nairobi, nikiwa nimevaa koti.

Na hiyo asilimia 93 si hakika. Modeli yangu inagawa namba 100 kati ya majina inayoyajua, basi. Hakuna jina la "sijui" kwenye orodha. Ukiionyesha picha ya sufuria itakupa mnyama, na inaweza kukupa kwa asilimia 97. Nililijua hilo pia. Ila mdomoni, mbele ya mzee, namba ile ilitoka kama ushahidi wa mahakamani.

Mzee hakunikaripia. Alinipa kahawa, akaniuliza nitaondoka lini. Kisha akasema kesho yake asubuhi nije na kijana, tuvae viatu vya theluji.

Basi siku hiyo ndiyo niliyojifunza kusoma. Sijui niiteje vingine. Tulitembea kama kilomita 4, msitu wa misonobari na ile miti yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, kimya mpaka unasikia theluji ikiteleza kutoka kwenye tawi. Viatu vyenyewe ni vipana kama ungo, vinakuzuia usizame. Mpwa alikuwa anaruka navyo. Mimi nilianguka mara 6, yeye alihesabu.

Kitu cha kwanza: watu wa ukoo huu wana vidole vitano, mbwa na paka wanaacha alama ya vinne. Ila kidole cha tano mara nyingi hakitokei, kwa hiyo usitegemee vidole peke yake, tazama mwendo. Wanaruka. Miguu ya mbele inatua, mwili unapinda kama upinde, ya nyuma inatua pale pale ya mbele ilipotoka. Matokeo yake ni nyayo mbili mbili, pacha, moja imetangulia kidogo, kisha nafasi tupu, kisha mbili tena. Ukiliona hilo mara moja hulisahau. Ni kama kuona umbo la msimbo kabla hujasoma maneno yake.

Kutoka hapo ni suala la upana. Mzee alikuwa na kipande cha fimbo alichokikata alama kwa kisu. Nyayo za marteni tulizipata karibu na nyumba ya dada, na ni kubwa kuliko unavyodhani kwa mnyama asiyefikisha kilo moja na nusu, kwa sababu nyayo zake zina manyoya mengi, ni viatu vya theluji vya kuzaliwa navyo. Hazikuwa na alama safi za vidole, zilikuwa kama ngumi ya mtoto iliyobonyezwa kwenye unga. Zilikuwa za kabla ya mtego au za mwingine, sijui. Tulizifuata nyuma. Zilitoka kwenye msonobari mkubwa, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti ambao dada ametundika mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya ndege wa baridi. Hapo theluji ilikuwa imekanyagwa. Kutoka hapo zikapita kando ya banda bila kusimama, zikarudi mtini.

Alikuwa anakuja kula mafuta. Kamera ilimpiga picha akipita njia.

Hatukusema kitu. Mpwa akaweka mkono wake wenye glavu ndani ya unyayo mmoja, akautoa.

Mbele zaidi tulivuka nyayo za fisha, upana wake karibu mara mbili, zikipita juu ya gogo lililoanguka na kushuka upande wa pili. Mzee alisema fisha anashuka mti kichwa chini kwa sababu anaweza kugeuza miguu ya nyuma. Na jike lake hubeba mimba karibu mwaka mzima, anapandwa siku chache tu baada ya kuzaa, kisha kijusi kinasimama bila kukua mpaka majira ya baridi yafike mwisho. Mpwa aliuliza kama kinasimama kama programu iliyosimamishwa. Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo. Kwenye kijito kilichoganda tuliona mtaro laini wa upana wa mwili, kama mtu amevuta gunia: nyayo, nyayo, mtaro, nyayo, nyayo, mtaro. Huyo ni fisimaji wa huko. Anaruka mara mbili tatu kisha anateleza kwa tumbo hata mahali tambarare. Mzee alisema inampunguzia kazi. Mpwa alisema anacheza tu. Namuunga mkono mpwa.

Tuliporudi, mzee hakuenda mlangoni mwa banda. Alizunguka nyuma, upande wa rundo la kuni, ambako mimi sikuwa nimefika hata mara moja kwa siku zote hizo. Akachuchumaa. Kulikuwa na nyayo mbili mbili, pacha, lakini ndogo ajabu, upana wote wa njia haufiki vidole vyangu vitatu. Kati ya jozi na jozi, theluji ilikuwa na mkwaruzo mwembamba, tumbo lilikokota, jozi mbili zimeunganishwa kama zile chuma za kunyanyulia uzito. Kisha nyayo zikaishia kwenye tundu lililoingia chini ya theluji. Mita moja mbele tundu lingine, limetoka. Na chini kabisa ya ukuta wa banda, mahali ubao ulipokutana na msingi, palikuwa na mwanya. Mpwa alijaribu kuingiza vidole viwili. Viliingia, cha tatu hakikuingia.

Kule chini ya theluji kuna dunia nyingine. Ardhi haishuki sana chini ya sifuri hata nje pakiwa nyuzi 20 au 30 chini, na panya wanaishi humo majira yote, na mahandaki yao. Ermini ametengenezwa kuingia mle. Kichwa kikipita, mwili wote unapita. Ana gramu mia moja hivi, mara nyingi chini ya hapo, na anamuua kuku anayemzidi uzito mara 20. Akiwa kwenye banda lililofungwa, kuku wakirukaruka, anaendelea kuua kuliko anavyoweza kula, kwa sababu porini angevificha vyote na kuvirudia. Ndiyo maana hawakuwa wameliwa. Hakuwahi kuweza kuwatoa kwenye ule mwanya.

Mzee akaniuliza ninataka nini. Kicheche wa namna hii hana ulinzi Minnesota, unaweza kumtega wakati wowote. Nikamwangalia mpwa, kuku ni wake.

"Tufunge shimo," akasema. Kisha kwa Kiingereza akamweleza mzee.

Tulifunga. Tulitumia wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, maana ule wa kawaida wa kuku hausaidii, ermini anapita kama mlango. Tulichimbua theluji kuzunguka banda lote, tukapigilia misumari mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee alishika taa. Usiku ule kuku 3 walibaki 3, na usiku uliofuata, na uliofuata.

Nilimwona mwenyewe siku ya 9 baadaye. Nilikuwa dirishani nikingoja programu fulani ikusanywe, na kwenye rundo la kuni kichwa kikatokea. Kikapotea. Kikatokea kwingine. Nilimwita mpwa kwa kunong'ona. Mwili wote ukatoka, mweupe kuliko theluji yenyewe, theluji ina kivuli cha buluu lakini yeye hakuwa nacho. Macho meusi mawili, pua, na nyuma kabisa ile ncha ya mkia, nyeusi tii. Ncha hiyo ina kazi. Mwaka 1982 mtafiti Roger Powell aliwajaribu mwewe waliofundishwa kwa vicheche bandia, na wale wenye doa jeusi mwishoni mwa mkia waliwaponyoka mara nyingi zaidi, mwewe walilenga doa. Na ndizo ncha zile zile zilizoshonwa kwenye majoho ya wafalme wa Ulaya, zile alama nyeusi juu ya manyoya meupe. Kila alama ni mnyama mmoja.

"Mkia mrefu ama mfupi?" nikamwuliza mpwa. Kuna ndugu yake anayefanana naye, pia mweupe, pia na ncha nyeusi, ila mkia wake unazidi nusu ya mwili.

Alitazama kwa makini. Ermini alisimama wima kwenye gogo la mwisho, mikono kifuani.

"Mfupi. Kama theluthi," akasema, kisha, "lakini si ninaona upande mmoja tu, Mjomba. Ngoja agezuke." Alimaanisha ageuke. Tukangoja. Akageuka. Ulikuwa mfupi.

Tangu Machi 2025 kuna modeli ya wazi ya Google inayoitwa SpeciesNet, imefundishwa kwa picha zaidi ya milioni 65, na ukitaka kufanya kazi ya namna hii anzia hapo, si kwenye kijimodeli cha mtu mmoja aliyekesha. Ina jambo moja ninalolipenda: isipokuwa na uhakika wa spishi inaweza kukuishia kwenye ukoo, ikakwambia tu ni wa jamii fulani. Ndilo jibu alilolitoa mzee siku ya kwanza, akiwa amechuchumaa na kuku mkononi.

Kabla sijaondoka nilimwandikia afisa yule barua pepe, nikaeleza nani alimwambia nani nini. Alijibu kwa mistari miwili, akashukuru. Nilimwambia mzee nimefanya hivyo, naye akasema haikuwa lazima, kisha akanipa ile fimbo yake yenye alama. Iko Nairobi juu ya meza yangu. Ile picha ninayo pia. Nimelibadilisha jina la faili kutoka minki kuwa marteni, na nimeiweka kwenye folda ya majaribio, pale ambapo kila modeli ninayoijenga lazima ipitie.

Mpwa sasa ana kuku 11.